Uongo Usio na Mwongo

Wahenga walinena kwamba njia ya mwongo ni fupi. Methali hii imetufaa tangu jadi kila tulipomsaka mtu aliyesema jambo huku moyoni akijua kuwa si kweli. Kwa mujibu wake, uongo una mwenyewe, na mwenyewe huyo akibanwa kwa maswali hatimaye atababaika, atajikanganya na kuumbuka mbele ya watu. Lakini upo uongo wa aina nyingine ambao methali hii haikuutazamia. Ni uongo ambao msemaji wake anauamini, anausema kwa moyo mweupe, na yu tayari kuuapia. Uongo huo hauna mwongo. Njia yake ni ndefu, tena umewahi kuwafikisha gerezani watu wasio na hatia.

Wataalamu wa saikolojia huuita kumbukumbu potofu. Mtu hukumbuka jambo ambalo halikutokea, au hukumbuka jambo lililotokea kwa namna, mahali au wakati usiokuwa wake. Kosa hili si la wazee peke yao, wala si la wenye akili dhaifu. Ni la kila binadamu, akiwemo mwalimu aliye mbele ya darasa na mwanafunzi aliyeketi kwenye dawati.

Hebu tutazame jambo hili kutoka Ekalakala, katika eneo la Masinga, Machakos. Hii ni nchi kame, ambako mkulima hupanda mahindi, kunde na ndengu huku jicho lake likiwa angani, na ambako mfugo na kipande cha shamba ndio urithi ambao mzazi humwachia mwanawe. Tuseme wazee wawili majirani wanagombania mpaka. Wa kwanza anasema mpaka wa asili ulifuata safu ya mikonge iliyopandwa na babake. Wa pili anasema mikonge hiyo ilipandwa baadaye, na kwamba mpaka wenyewe ulipita penye mgunga uliokwisha kukatwa. Wote wawili ni watu wa heshima. Hakuna aliyewahi kuwasikia wakisema uongo. Kila mmoja ana mashahidi, na kila shahidi anasema alikuwepo, akaona kwa macho yake.

Zamani shauri kama hili lingefikishwa mbele ya nzama, baraza la wazee wa Wakamba, na likishindikana kabisa pangetajwa kithitu. Kila aliyelelewa Ukambani anajua hofu inayoandamana na neno hilo. Iliaminiwa kwamba aliyekula kiapo cha kithitu kwa uongo alijiletea mauti yeye mwenyewe na jamaa zake. Hapana shaka hofu hiyo iliwafanya waongo wengi kurudi nyuma na kukiri. Lakini tafakari, msomaji: kithitu kilikusudiwa kumtisha mwongo. Je, kingemtisha vipi mtu anayeamini kwa dhati kwamba anasema kweli? Mtu huyo angekikaribia kiapo kwa ujasiri, na ujasiri wake ungewafanya watazamaji wazidi kumwamini. Kiapo humtenga mwongo na mkweli. Hakina uwezo wa kumtenga mkweli aliye sahihi na mkweli aliyekosea.

Kwa nini mkweli akosee? Kiini cha jambo hili kimo katika dhana tuliyo nayo kuhusu kumbukumbu. Wengi wetu tunadhani akili ni kama sanduku la picha: tukio linapigwa picha, picha inahifadhiwa, na siku tukiihitaji tunaitoa kama ilivyokuwa. Mwaka 1932 mwanasaikolojia Mwingereza Frederic Bartlett wa Chuo Kikuu cha Cambridge alichapisha kitabu kilichoipinga dhana hiyo. Aliwapa watu hadithi ngeni waisome, kisha akawataka waisimulie tena baada ya muda mfupi na baada ya muda mrefu. Aligundua kwamba hawakuitoa kama ilivyokuwa. Waliijenga upya. Yale wasiyoyaelewa waliyaacha, mapengo wakayaziba kwa mambo waliyoyazoea, na hadithi ikazidi kufanana na desturi za kwao. Hawakujua kwamba walikuwa wameibadilisha.

Bartlett huyo huyo aliwahi kufika kusini mwa Afrika, katika nchi ya Waswazi, akamkuta mchunga ng'ombe aliyeweza kueleza mauzo ya ng'ombe yaliyofanyika takriban mwaka mmoja uliotangulia: bei, rangi na alama za kila mnyama. Maelezo hayo yalipolinganishwa na daftari la mwenye mali, yalikuwa na makosa mawili madogo tu. Mfugaji wa Ekalakala hatashangazwa na habari hizi, kwani naye anawajua ng'ombe wake kama anavyowajua wanawe. Mtu hukumbuka vyema yale yaliyomshughulisha moyo. Hata hivyo, zingatia mambo mawili. Kwanza, hata kumbukumbu hiyo ya ajabu ilikuwa na makosa. Pili, makosa yenyewe yalijulikana kwa sababu daftari lilikuwepo. Lau lisingekuwepo, yote tungeyachukua kuwa kweli.

Basi kumbukumbu hujengwa upya kila inapoitwa, na kila inapojengwa inaweza kuokota kitu kilichokuwa karibu. Aghalabu kitu hicho ni neno la muulizaji. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer, nchini Marekani, waliwaonyesha wanafunzi 150 filamu fupi ya ajali ya magari. Wanafunzi 50 waliulizwa magari yalikuwa yakienda kwa kasi gani yalipogongana. Wengine 50 waliulizwa swali lilo hilo, ila kitenzi kikawa kikali zaidi, kana kwamba sisi tungesema yalipopondana. 50 waliosalia hawakuulizwa lolote kuhusu kasi. Baada ya wiki moja wote waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Filamu haikuwa na kioo hata kimoja kilichovunjika. Hata hivyo, wanafunzi 16 miongoni mwa walioulizwa kwa kitenzi kikali walisema waliviona. Waliosema hivyo miongoni mwa walioulizwa kwa kitenzi cha kawaida walikuwa 7, na miongoni mwa wale wasioulizwa kuhusu kasi walikuwa 6. Kitenzi kimoja tu kilitosha kuwaonyesha watu vioo ambavyo havikuwepo.

Mwaka 1995 Loftus alikwenda mbali zaidi akiwa na Jacqueline Pickrell. Watu 24 walipewa masimulizi manne ya utotoni mwao, yaliyosemekana kutoka kwa jamaa zao. Matatu yalikuwa ya kweli. La nne lilitungwa: kwamba walipokuwa na umri wa miaka mitano hivi walipotea dukani, wakalia, wakasaidiwa na mtu mzima na kurejeshwa kwa wazazi. Takriban robo yao walidai kulikumbuka tukio hilo, lote au sehemu yake, na baadhi wakaongeza mambo ambayo hakuna aliyewaambia. Wataalamu wamebishana juu ya wangapi hasa wanaweza kupotoshwa kwa njia hii, lakini kwamba inawezekana kupandikiza kumbukumbu, hilo limethibitishwa mara nyingi.

Turudi sasa kwa wazee wetu wawili na mpaka wao. Wakamba wana mtindo mzuri wa kuhifadhi tarehe: huzipa njaa majina. Mwishoni mwa karne ya 19 palikuwa na Ngomanisye. Mwaka 1961 ikawa njaa ya Ndeke, kwa sababu chakula kilidondoshwa kwa ndege. Mwaka 1965 ikaja Atta, iliyopewa jina la unga. Mwaka 1984 ikaja Nikw'a Ngwete, yaani ninakufa na hali nimeshika, pesa zimo mkononi lakini chakula cha kununua hakipatikani. Majina haya ni kalenda ya watu ambao hawakuwa na kalenda ya ukutani. Mtu husema alizaliwa njaa fulani, au shamba lilifyekwa baada ya njaa fulani, na hesabu ikaenda sawa.

Lakini hata kalenda hii ina mtego. Mahindi ya manjano kutoka ng'ambo yaliletwa nchini wakati wa njaa ya 1965, na yakaletwa tena wakati wa njaa ya 1984. Mtu aliyekula ugali wa manjano akiwa mtoto, kisha akaula tena akiwa mzazi, anaweza bila hila yoyote kuichukua picha ya foleni moja na kuibandika kwenye njaa nyingine. Basi akisema kwamba mikonge ilipandwa mwaka wa unga wa manjano, anasema kweli kwa jinsi anavyojua, ila anaweza kuwa amekosea kwa miaka 19. Kumbukumbu ya unga ni ya kweli. Kumbukumbu ya mikonge pia ni ya kweli. Uzi unaoziunganisha ndio potofu, na uzi huo ndio unaoamua shamba ni la nani.

Mambo hutatizika zaidi mahali palipobadilika sura. Bwawa la Masinga lilipokamilika mwaka 1981, maji ya mto Tana yalienea na kufunika eneo la takriban kilomita mraba 120. Njia, vivuko na miti iliyokuwa alama ilizama. Penye alama, wazee huongozana hadi pale, wakaonyeshana na kusahihishana. Palipozama, kilichobaki ni maneno ya mtu dhidi ya maneno ya mwenzake, na kila mara yanaposimuliwa, nyumbani kwa wana na wajukuu wanaotarajia kurithi, yanaelekea kidogo upande wa msimulizi. Hakuna anayekusudia kudanganya. Ni kwamba moyo hupenda kukumbuka linaloufaa.

Kama mipaka ya mashamba tu ndiyo ingekuwa hatarini, tungesema ni hasara ya mali. Lakini kuna uhuru wa watu. Mwaka 1984 huko North Carolina, Marekani, mwanafunzi wa chuo aliyeitwa Jennifer Thompson alishambuliwa na kubakwa. Katikati ya mateso hayo alijikaza kuutazama uso wa mshambulizi ili aweze kumtambua. Baadaye alimchagua Ronald Cotton, kwanza katika picha na kisha kwenye gwaride la utambulisho. Kila alipomchagua, sura ya Cotton ilizidi kukaa pale palipokuwa na sura ya mshambulizi. Aliyetenda unyama huo, Bobby Poole, alipoletwa mahakamani mbele yake, Thompson alisema hajawahi kumwona. Cotton alikaa gerezani zaidi ya miaka 10, mpaka mwaka 1995 vipimo vya DNA vilipomwondolea hatia na kumwonyesha Poole. Thompson hakuwa mwongo. Baadaye alishirikiana na Cotton kuutangazia ulimwengu hatari ya jambo hili.

Mahakama za Afrika Mashariki ziling'amua hatari hii mapema. Mwaka 1953, katika kesi ya Abdala bin Wendo, Mahakama ya Rufani ilionya kwamba ushahidi wa mtu mmoja aliyedai kumtambua mshtakiwa katika mazingira magumu ni lazima uchunguzwe kwa uangalifu mkubwa kabla ya mtu kuhukumiwa. Mwaka 1967, katika kesi ya Roria, onyo hilo lilirudiwa, nazo mahakama za Kenya zimeendelea kulitaja. Ndiyo sababu polisi wanapoandaa gwaride la utambulisho huhitajika kumweka mshukiwa miongoni mwa watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri, kimo na umbo. Kanuni hiyo haimdhanii shahidi kuwa mwongo. Inamkinga dhidi ya akili yake mwenyewe.

Hapa msomaji makini atauliza: Je, basi tusiwaamini wazee wetu? Je, aliyetendewa uovu akijitokeza baada ya miaka mingi, tumwambie kwamba ni kumbukumbu potofu? Swali hili ni zito, na historia yetu wenyewe imelijibu kwa njia mbili tofauti.

Wakenya walioteswa wakati wa hali ya hatari miaka ya 1950 walifikisha madai yao katika Mahakama Kuu ya London. Serikali ya Uingereza ilidai kwamba zaidi ya nusu karne ilikuwa imepita, na kwamba kesi ya haki haiwezekani tena. Mwezi Oktoba 2012 Jaji McCombe aliikataa hoja hiyo, akawaruhusu Paulo Muoka Nzili, Wambugu wa Nyingi na Jane Muthoni Mara waendelee na madai yao. Sababu mojawapo kuu ilikuwa maandishi: nyaraka tele za serikali ya kikoloni zilikuwepo, zikiwemo zilizokuwa zimefichwa Hanslope Park kwa miaka mingi. Mwezi Juni 2013 serikali hiyo ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9.

Lakini kundi jingine, la watu zaidi ya 40,000, lilipofika katika mahakama iyo hiyo, mambo yalikwenda mrama. Mwaka 2018 Jaji Stewart alikataa kuongeza muda wa kushtaki katika dai lililochaguliwa kuwa la majaribio. Katika hukumu yake alieleza jinsi kumbukumbu ya binadamu inavyogeuka kila inapoitwa, hata kwa shahidi mwaminifu. Mwishoni mwa mwaka huo madai yaliyosalia yakaanguka pia.

Tujifunze nini hapo? Si kwamba wale wa kwanza walikuwa wakweli na hawa wa pili waongo. Funzo ni kwamba kumbukumbu ya kweli ikikosa kitu cha kuiegemeza, mbele ya hakimu hufanana na kumbukumbu potofu, na mwenye haki huenda mikono mitupu. Kwa hiyo anayejali wazee na waliodhulumiwa hatawasaidia kwa kudai kwamba kumbukumbu haikosei. Atawasaidia kwa kuyaandika maneno yao mapema, wakati bado ni mabichi, na kwa kutafuta ushahidi mwingine wa kuyaunga mkono: hati, picha, mti, jiwe, tarehe ya njaa iliyothibitishwa.

Jambo hili linawahusu walimu kila wiki. Pesa zimepotea bwenini. Mwalimu wa zamu anawakusanya wanafunzi wote pamoja, anauliza kwa sauti kali: "Ni nani aliyemwona fulani akitoka usiku?" Tazama swali hilo lilivyosheheni. Tayari limeshamtaja mtu, limeshasema alitoka, na limeshasema ilikuwa usiku. Mwanafunzi wa kwanza anasema aliona kivuli. Wa pili, aliyemsikia wa kwanza, anakumbuka kwamba kivuli kilikuwa kirefu. Wa tatu anakumbuka sweta. Mwalimu anatikisa kichwa kwa kuridhika, na kila anapotikisa kichwa imani ya mashahidi inaongezeka. Kufikia kengele ya chakula wako mashahidi watano, na hakuna hata mmoja anayesema uongo. Mtoto mmoja anarudishwa nyumbani akaite mzazi, na jina la mwizi linamfuata hadi siku ya kuondoka shuleni.

Njia bora si ngumu, wala haihitaji fedha. Kila shahidi apewe karatasi na kuandika peke yake, kabla ya kuzungumza na wenzake. Aulizwe swali pana: "Eleza ulichokiona na ulichokisikia jana jioni." Asitajiwe jina. Aandike pia alilijuaje kila jambo, kama aliliona mwenyewe au aliambiwa, maana akili hushika habari upesi na kusahau zilikotoka. Aachwe huru kuandika kwamba hakumbuki, wala asionekane mkaidi kwa kusema hivyo. Mwalimu asimsifu kwa jibu wala kumkunjia uso. Mwisho karatasi itiwe tarehe na kuhifadhiwa, kwa kuwa maelezo ya kwanza, hata yakiwa mafupi, aghalabu yana thamani kuliko maelezo marefu yaliyonoga baada ya mwezi mmoja.

Nao wanafunzi wana kazi ya kufanya. Wanapofunga shule, waliotoka Ekalakala na kwingineko waende na madaftari kwa wazee wao. Wamuulize kila mzee peke yake, si barazani ambako sauti kubwa humeza nyingine. Waandike anavyosema, hata kama maneno yake hayalingani na ya jirani, wala wasiyalainishe ili yapatane. Mahali masimulizi mawili yanapotofautiana ndipo mwanahistoria anapoanza kazi. Na waulize kwa adabu: "Babu, hili uliliona, au ulihadithiwa?" Swali hilo si dharau. Mzee mwenye busara atalifurahia, kwa sababu anajua kwamba mambo mengine aliyapokea kwa babake na kuyasimulia mara nyingi kiasi cha kujiona alikuwepo.

Kuamini macho yetu ni jambo la lazima, la sivyo hatungeweza kuishi. Lakini ujasiri wa msemaji si kipimo cha ukweli, wala machozi yake, wala wingi wa mambo madogo anayoyataja. Mwongo tutaendelea kumnasa kwa njia yake fupi. Kwa uongo usio na mwongo tunahitaji zana nyingine, na wahenga hao hao walikwisha kututajia zana hiyo: mali bila daftari hupotea bila habari. Kumbukumbu nayo ni mali. Tusingoje ipotee ndipo tuanze kutafuta kalamu.